Kishikwambi cha Nani Darasani?

  Jioni hii nataka tuwazungumzie watoto wetu wa shule za msingi. Je, mtoto abebe kishikwambi chake kutoka nyumbani, aende nacho darasani kujifunzia? Katika orodha za mahitaji zinazotolewa na baadhi ya shule za kulipia kwenye miji yetu ya Afrika Mashariki, pale penye madaftari, sare, viatu vyeusi na rimu ya karatasi, kishikwambi nacho kimeanza kuandikwa. Na huko kwenye shule za umma ambako hakijaandikwa, wapo wazazi wanaouliza: kwa nini na wetu wasiruhusiwe? Ni swali la haki, na mzazi anayeliuliza anamtakia mwanawe mema. Haifai kumjibu kwa amri tu. Inafaa kumjibu kwa hoja. Nami nitautaja msimamo wangu mapema, ili unisikilize ukijua ninakoelekea. Sina ugomvi na kishikwambi. Nina ugomvi na somo la darasani kutegemea kifaa ambacho mtoto ametoka nacho kwao. Kifaa kinachofundishia kiwe cha shule. Utanisikia nikilirudia neno hilo zaidi ya mara moja jioni hii, na nina sababu.

Tuanze na ushahidi ulio upande wa kishikwambi, tena ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, yalifanyika majaribio ya shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Timu kutoka nchi mbalimbali zilitakiwa kutengeneza programu ya Kiswahili ambayo mtoto angeitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, bila ya mwalimu kusimama mbele yake. Watoto wapatao 2,700, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga darasani, walipewa vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google. Kabla ya kuanza, watoto zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wale wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mtu asikwambie kwamba kishikwambi ni mchezo mtupu na kwamba mtoto wa kijijini hawezi kukitumia. Watoto wa Tanga walikitumia, na wakajifunza.

Lakini hebu tuitazame kazi ile ya Tanga kwa karibu zaidi, maana mara nyingi inasimuliwa nusu. Mzazi hakununua chochote. Katika kijiji kimoja, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mchoma mkaa walishika kifaa cha aina moja, chenye programu ileile. Masomo yalikuwa yamekwisha pakiwa ndani, kwa Kiswahili, kwa hiyo hapakuwa na haja ya bando wala ya kutafuta mtandao juu ya mti. Kijijini kiliwekwa kituo cha sola cha kuchajia, na palikuwa na mtu wa palepale aliyesimamia kazi hiyo. Hayo ndiyo yaliyokiwezesha kifaa kufanya kazi. Sasa nikuulize: ukiuondoa usawa ule, ukaondoa masomo yale ya Kiswahili, ukaondoa kituo kile cha sola na yule msimamizi, ukabakiza kishikwambi peke yake ndani ya mkoba wa mtoto, umebakiza nini? Umebakiza kioo na betri. Ndiyo maana nasema ushahidi wa Tanga haumtumi mzazi dukani. Unatufundisha kwamba kifaa kilisaidia pale kilipokuwa sehemu ya mpango mmoja unaowahusu watoto wote.

Na kile ambacho mzazi anakinunua Kariakoo kinakuja na mambo gani? Kwa kawaida kinakuja na michezo, matangazo, video zisizo na mwisho, na programu za kujifunzia ambazo nyingi zake ni za Kiingereza, zimetungwa kwa mtaala wa nchi nyingine. Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania, mtoto anafundishwa hisabati kwa Kiswahili. Programu inamfundisha kwa Kiingereza, tena kwa mifano ya sarafu na matunda asiyoyajua. Halafu kuna jambo dogo ambalo watu hawalifikirii. Vishikwambi vingi vinavyoitwa vya mtoto ni vile alivyovitumia baba au mama, akanunua kipya, cha zamani akamwachia mwanawe. Bado kina akaunti ya mzazi. Mtoto amekaa darasani anahesabu, ujumbe wa kikundi cha harusi unaingia juu ya kioo, picha zinaingia, mara mtu anapiga simu ya video kutoka Mwanza. Mtoto huyo hana kosa lolote. Amepewa kifaa cha mtu mzima, akaambiwa kitamsomesha.

Sasa twende ndani ya darasa lenyewe, maana huko ndiko jambo hili linakoamuliwa. Tuchukue mfano wa darasa la nne, wanafunzi 60, kipindi cha hisabati cha dakika 40, mada ya siku ni sehemu: nusu, theluthi, robo. Tuseme wanafunzi 18 wamekuja na vishikwambi. Mwalimu anaingia, anasalimiwa, anasema, haya, fungueni zoezi la sehemu. Wa kwanza ananyoosha kidole: mwalimu, changu kina chaji asilimia 4, jana kwetu LUKU iliisha. Soketi ya darasa ni moja, iko nyuma ya mlango, nayo tayari imechomekwa chaja ya mwenzake. Wa pili, kifaa kinadai nywila. Nywila anaijua mama, na mama yuko sokoni. Wa tatu, kimeanza kujisasisha chenyewe, kinazunguka tu. Wa nne, kioo kimepasuka, na ufa umepita palepale penye kitufe cha kuendelea, akibonyeza hakisikii. Wa tano, programu imegoma kwa kuwa kifaa ni cha zamani. Mwalimu anazunguka dawati hadi dawati, anainama, anainuka. Wale 42 wasio na kitu wanaangalia. Wengine wamesimama nyuma ya wenzao kuchungulia. Dakika 15 zimekwisha na neno robo halijatamkwa. Je, mwalimu huyo ni mzembe? Hasha. Amegeuzwa fundi wa vifaa vya aina kumi na nane, kazi ambayo hakuisomea na haimo katika andalio lake la somo.

Tulitazame na hilo andalio la somo. Mwalimu akijua kwamba baadhi ya watoto wanavyo na wengi hawana, atafanya nini? Njia ni mbili tu. Aandae masomo mawili, moja la wenye kioo na moja la wenye daftari, katika kipindi kimoja, kwa mshahara uleule na usiku uleule wa kusahihisha madaftari. Au aandae somo moja la wote, na vishikwambi vibaki juu ya madawati bila kazi. Katika njia ya kwanza darasa limegawanyika vipande viwili, na kipande kimoja kinajua vizuri sana kwamba ndicho cha nyuma. Katika njia ya pili wazazi wametupa fedha. Hakuna andalio la tatu, na nimejitahidi kulitafuta, kwa sababu ningependa sana liwepo.

Mtu atasema: lakini watoto wanaleta vitu vingi kutoka nyumbani na hatulalamiki! Wanaleta madaftari, wanaleta vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia. Kweli, wanaleta. Lakini angalia tofauti. Vizibo na vijiti havimshindi mtu yeyote. Mtoto akivisahau nyumbani anaokota vingine njiani. Na daftari, hata liwe na jalada la picha ya mwanasoka au liwe lile la bei ya chini kabisa, linaandikwa kwa kalamu ileile, na kazi iliyo ubaoni inaingia humo sawasawa. Daftari la bei ghali halimpi mtoto ubao wa pili. Kishikwambi kinampa. Mwenye nacho anaona maelezo, michoro na mazoezi ambayo jirani yake hayaoni, ndani ya kipindi kilekile, chini ya mwalimu yuleyule. Hakuna shule inayomwambia mzazi anunue ubao wa mwanawe. Ubao ni wa shule, na kila aliyeketi darasani anausoma. Basi kifaa kinapoanza kufanya kazi ya ubao, na chenyewe kiwe cha shule.

Sasa tuvuke mpaka kidogo, twende Kisumu, Kenya. Mwaka 2013 na 2014 kulifanyika huko jaribio ambalo natamani kila mjumbe wa kamati ya shule angelijua. Lilikuwa sehemu ya mradi wa kusoma na hisabati kwa madarasa ya chini, uliojulikana kama PRIMR. Watafiti walizigawa shule katika makundi. Katika kundi moja, vishikwambi walipewa maafisa wanaozitembelea shule na kukaa na walimu kuwashauri. Katika kundi la pili, vishikwambi walipewa walimu. Katika kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea vitabu. Kisha wakapima usomaji wa watoto. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikuwemo katika mradi. Lakini kati yao wenyewe, hapakuonekana tofauti ya maana. Kuwapa watoto vifaa hakukuwapa usomaji bora kuliko kumpa kifaa mtu mmoja anayemsaidia mwalimu wao. Na gharama? Kumnunulia mshauri mmoja kishikwambi ni rahisi mara nyingi kuliko kuwanunulia watoto wote wa shule zake. Kenya ilipoanzisha mpango wa Tusome kwa nchi nzima mwaka 2015, ilichukua njia hiyo: mtoto alipewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo wa kufundishia, na vishikwambi wakapewa maafisa wa kuwasaidia walimu.

Narudia hapo, kwa sababu ni jambo kubwa. Mtoto alipewa kitabu. Tunapokuwa na fedha kidogo, swali la kwanza linapaswa kuwa: je, kila mtoto ana kitabu chake cha kiada, au bado wanashirikiana watatu kitabu kimoja? Kitabu hakichajiwi, hakidai nywila, kikianguka hakipasuki. Kishikwambi kikiingia shuleni kwa mlango wa wazazi, swali hilo la vitabu linasahaulika haraka, kwa kuwa wazazi wenye sauti kubwa vikaoni ndio wale wale ambao watoto wao wamekwisha pata cha kusomea. Hili linanisumbua kuliko yote niliyokwisha yataja. Shule ya umma inalindwa na ukweli kwamba mtoto wa daktari na mtoto wa bodaboda wanakaa dawati moja na kukosa kitu kimoja. Hapo daktari atapiga kelele kwa niaba ya wote wawili. Ukishampa njia ya kumtoa mwanawe peke yake katika upungufu ule, kelele zile zinanyamaza, na upungufu unabaki kwa mwingine.

Najua kuna msikilizaji anayesema: wewe unasema kifaa kiwe cha shule, mbona vya shule navyo vimeharibika? Hoja hiyo ni nzito, na sitaikwepa. Kenya hiyo hiyo, baada ya ahadi ya uchaguzi wa 2013 ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, iliishia mwaka 2016 kuanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma, vifaa zaidi ya milioni moja, pamoja na kisanduku cha kuhifadhia masomo ili mtandao usihitajike. Baadaye magazeti yakaandika mara kwa mara juu ya vifaa vilivyofungiwa stoo kwa hofu ya wizi, na vingine vilivyoharibika pasipo wa kuvitengeneza. Nchini Peru, serikali iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi. Tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika iliyotolewa mwaka 2012 haikuona maendeleo yoyote ya maana katika hisabati wala lugha. Ni kweli, basi, kwamba kununuliwa na serikali hakutoshi. Lakini tazama ni kitu gani kilichokosekana huko. Yalikosekana mafunzo ya kutosha kwa walimu, usimamizi wa vifaa, matengenezo, na masomo yaliyofungamana na kile kinachofundishwa ubaoni. Je, hayo yatapatikana pale kila mzazi atakapoleta cha kwake? Yatakosekana zaidi. Atakayetengeneza ni nani? Atakayemfundisha mwalimu aina zote 18 ni nani? Kosa la Peru na Kenya halitibiwi kwa kulihamishia nyumbani kwa mzazi, kwa sababu huko hata wa kumuuliza hayupo. Kifaa cha shule kikifungiwa stoo, kamati inaweza kumwita mwalimu mkuu ikamtaka aeleze.

Hoja nyingine ni ya hiari. Utaambiwa: hatumlazimishi mtu, mwenye uwezo alete, asiye na uwezo aache. Ndugu msikilizaji, maisha ya shule tunayajua. Cha hiari Januari kinakuwa cha lazima Juni. Kwanza mwalimu anatuma zoezi moja tu la nyongeza kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Kisha kazi za nyumbani zinahamia huko, kwa kuwa ni rahisi. Kisha mtoto ambaye hakuiona kazi anaulizwa kwa nini hakufanya. Hapajatoka tangazo lolote, lakini mama anayeuza vitumbua anaanza kuhesabu miezi ya kuweka akiba ya kishikwambi, au anaanza kukopa. Nchi hizi zetu zilifuta ada ya shule ya msingi kwa kazi kubwa: Uganda mwaka 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003, na Tanzania ikarudi tena Januari 2016 na mpango wa elimu bila malipo, ikakabili pia ile michango iliyokuwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Kila mara mzigo huo ulipoondolewa, watoto walimiminika shuleni, madarasa yakafurika. Mafuriko yale yalitwambia kitu: walikuwapo nyumbani watoto wengi waliozuiwa na fedha ambazo kwa wengine zilionekana kidogo. Kishikwambi kina bei kubwa kuliko michango mingi iliyowahi kulalamikiwa. Kukiingiza kwa jina la hiari ni kurudisha ada, tena ada inayovunjika kioo.

Sasa nimgeukie mzazi mwenye uwezo, maana simsemi kwa ubaya. Anasema: mimi nimehangaika kumtafutia mwanangu, kwa nini azuiwe kuendelea mbele kwa sababu mwenzake hana? Namjibu hivi. Nyumbani, hakuna anayemzuia. Jioni na siku za mapumziko mtoto anaweza kutazama Ubongo Kids, kipindi kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 2014 na kinachofundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Anaweza kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania akasoma vitabu vya kiada bila kulipa. Mzazi akikaa naye nusu saa, wakasoma pamoja, mtoto atapata kitu ambacho hata shule ya gharama kubwa haiwezi kukiuza. Ninachokikataa ni kishikwambi hicho kuwa tiketi ya kufuata kipindi cha hisabati saa nne asubuhi. Na kama mzazi huyo anataka kwa dhati teknolojia iingie darasani kwa mwanawe, basi alete nguvu yake kwenye kamati ya shule: anunue kifaa, akikabidhi kwa shule, kiandikwe kwenye daftari la mali, kitumike na wote. Hapo mwanawe atafaidika, na mwalimu atapata kitu anachoweza kukiwekea andalio.

Utasema, serikali haina fedha za kumpa kila mtoto. Sawa, nakubali, wala sidai kila mtoto apewe chake. Nani aliyesema ni lazima kila mmoja awe na cha kwake? Tanzania tuna mfano wetu. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Makarani walipita nyumba kwa nyumba navyo. Kazi ilipokwisha, vikagawiwa walimu. Nauona uamuzi ule kuwa wa busara, na ushahidi wa Kisumu unauunga mkono: kifaa kikiwa mkononi mwa mwalimu, faida yake inawafikia watoto wote kupitia maandalizi ya somo. Mwalimu wa kijijini ambaye shule yake haina maktaba sasa anaweza kuwa na kitabu cha kiada, kiongozi cha mwalimu na video ya jaribio la sayansi, vyote ndani ya kifaa kimoja. Kilichobaki ni kumpa mafunzo ya kukitumia kwa kazi hiyo, na kumpatia masomo yaliyokwisha pakiwa ili asinunue bando kwa mshahara wake. Baada ya hapo, shule inaweza kuanza na vishikwambi 30 tu, ndani ya kabati moja lenye kufuli na sehemu ya kuchajia, vinavyozunguka darasa hadi darasa kwa ratiba. Darasa la watoto 60 wanakaa wawili wawili, mmoja anasoma swali, mwenzake anajibu, kisha wanabadilishana. Vyote ni vya aina moja, vina programu moja, mwalimu anajua kila kitufe kilipo. Mtoto atajifunza kuandika, kutafuta habari na kuhifadhi kazi yake, ujuzi ambao mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, hauwezi kuukwepa katika dunia ya leo. Na hatajifunza katika siku hiyo hiyo kwamba yeye ni mtoto wa wasio nacho.

Lipo pia neno kwamba dunia inakwenda mbele. Tunaambiwa Ulaya wameshafika mbali, nasi tutaachwa. Ulaya yenyewe inajiuliza upya. Uswidi, nchi iliyojaza skrini madarasani, tangu mwaka 2023 imekuwa ikitenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi kwa watoto. Mwaka huohuo UNESCO ilitoa taarifa yake kubwa juu ya teknolojia katika elimu, ikazitaka nchi zijiulize kwanza kama kifaa kinafaa, kama kinawafikia wote kwa usawa, na kama gharama zake zitahimilika. Na sisi tumeshapata somo letu wenyewe, lile la mwaka 2020. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, Uganda hata zikakaa karibu miaka miwili bila kufunguliwa kikamilifu, wenye vifaa na mtandao waliendelea kusoma. Kenya ilirusha masomo kwa redio na televisheni, kwa kuwa redio ilifika kwenye nyumba ambazo kishikwambi kilikuwa hakijafika. Yule mtoto aliyekuwa na kifaa alirudi shuleni akiwa mbele, na yule asiyekuwa nacho alirudi akiwa nyuma, wakakaa dawati moja. Pengo lile lililetwa na maradhi, hatukuwa na la kufanya. Hili la kila mtoto na kishikwambi chake tutalileta wenyewe, kwa hiari yetu, milango ya shule ikiwa wazi.

Kuna mahali pamoja ambapo ninaulegeza msimamo wangu, na sitaki pasahaulike. Ni kwa mtoto mwenye ulemavu. Mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kukuza maandishi ya kitabu kwenye kioo mpaka yakamtosha. Mtoto asiyeona anaweza kusomewa ukurasa na kifaa kupitia visikizio. Mtoto asiyeweza kushika kalamu anaweza kuandika kwa kugusa. Kwake yeye, kishikwambi ni kama miwani: kinampeleka pale ambapo wenzake wamekwisha fika, hakimpandishi juu yao. Kama familia imekipata, shule ikipokee kwa mikono miwili, imtafutie soketi na mahali salama pa kukihifadhi. Na kama familia haikukipata, huyo ndiye wa kwanza ambaye fedha za umma zinapaswa kumfikia, kabla hata ya lile kabati la vishikwambi 30.

Sasa, kama katika shule ya mwanao wataleta pendekezo hili kwenye kikao cha wazazi, usinyamaze. Nyosha mkono uulize. Ni wanafunzi wangapi katika kila darasa wasio na kitabu cha kiada? Mtoto asiyeleta kishikwambi atafanya nini katika kipindi hicho, na je, mwalimu ameliandika hilo katika andalio lake? Masomo yaliyomo ni ya lugha gani na ya mtaala upi? Kikiibiwa au kioo kikipasuka darasani, analipa nani: mzazi, shule, au mtoto aliyekigonga? Nani atachaji, wapi, kwa umeme uliolipiwa na nani? Kuna mwalimu aliyepewa mafunzo, au atajifunzia mbele ya watoto? Omba majibu hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Yakikosekana, pendekeza ajenda ihamie kwenye swali lingine: shule ikinunua vifaa vichache vya kuanzia, vya wote, vitawekwa chumba gani na ufunguo atakaa nao nani? Hilo kamati inaweza kulimaliza siku hiyohiyo.